Makosa Yetu ya Kufunga Manyoya

Kosa la kwanza, ambalo kila mtu hulifanya, ni kufunga kidole chake mwenyewe. Unazungusha uzi kwenye shingo ya ndoano, unafurahia jinsi unavyokaa, mzunguko juu ya mzunguko, kisha unataka kuachia na kukuta ncha ya kidole cha shahada imo ndani pamoja na manyoya. Siku yangu ya kwanza mama alinisikia nikinong'ona matusi, akaniuliza kuna nini. Nilipomweleza akacheka mpaka akaweka kikapu chini. Akasema samaki wa mukeke hawali vidole, na kama wangekuwa wanakula, baba yangu angekufa bila hata kimoja.

Nilikuwa nimerudi nyumbani, mtaa wa Jabe, baada ya miaka mingi ya kwenda huku na huku. Shule niliiacha darasa la sita, na hakuna aliyenifukuza. Siku moja niliona lori limeharibika barabarani, nikasimama kuangalia jinsi fundi anavyofungua giaboksi, na nilipomaliza kuangalia nilikuwa nimeshafika Uvira. Ndivyo nilivyoishi tangu hapo. Nimekuwa utingo, nimechoma matofali Gasenyi, nimekaa Kigoma nikijifunza injini za boti, nimeuza betri za simu. Hakuna kazi niliyoifanya mwaka mzima. Nikishajua kitu kinafanyaje kazi, miguu inaanza kuwasha. Mama hakuwahi kuniuliza nimetoka wapi. Safari hii alinipa sahani ya wali, akangoja nimalize, akasukuma mbele yangu bakuli la ndoano tupu.

Kazi yenyewe ni hii. Mvuvi wa mukeke hatumii chambo. Anashusha ziwani mshipi mrefu wenye ndoano kumi na tano au ishirini, na kila ndoano imefungwa manyoya machache meupe ya jogoo. Anavuta na kuachia, anavuta na kuachia, na kule chini manyoya yanacheza kama ndagala, wale dagaa wadogo, wanaokimbia. Mukeke anadhani ni chakula. Baba alikuwa fundi cherehani, na aliingia kazi hii kwa sababu alikuwa na uzi na subira. Alipofariki, mama alibaki nayo. Wavuvi walikuja mpaka mlangoni kwetu, Waislamu wa Buyenzi na Wakristo wa mitaa ya kaskazini, wote wakisema manyoya ya mama huyu ndiyo yanaita samaki. Hakuwa na jina lingine mtaani. Hata muuza mkaa alimwita Mama Manyoya, naye aliitika.

Mimi nilitaka kujua kila kitu. Kwa nini meupe? Kwa nini jogoo na si tetea? Mama alijibu maswali matatu, la nne akaniambia niende nikawaulize samaki.

Kosa la pili ni wingi. Anayeanza anahurumia ndoano, anaona iko uchi, anaivisha. Ndoano yangu ya kwanza iliyokamilika haikuzama. Tuliitia kwenye ndoo ya maji ikakaa juu, imetanua mabawa, na mama akauliza kuku amebakiwa na nini huko sokoni. Kosa la tatu linauma zaidi kwa sababu unalifanya pale unapoanza kujiona fundi. Unafunga vizuri, unakaza, unapaka rangi ya kucha ili fundo lisifunguke, unaiweka juani ikauke. Baadaye mvuvi anakuja na mshipi wake, anageuza ndoano, anaigeuza tena, anakutazama. Tundu la kupitishia mshipi umelifunika kwa uzi. Alasiri moja nilifunika matundu kumi na moja mfululizo, na yote yaling'aa kama meno ya bandia.

Lakini kosa la Jabe hasa, ambalo sijui kama linafanyika mahali pengine, ni la maji ya moto. Sokoni kuku akishachinjwa anatumbukizwa kwenye sufuria inayochemka ili anyonyoke upesi. Manyoya hayo ni mengi, ni meupe, ni ya bure, na mgeni wa kazi anajaza mfuko akidhani ametuzidi akili sote. Ukiyafunga yanapendeza. Ziwani yanalowa na kulala kama nyuzi za tambara la deki lililochoka, kwa sababu maji ya moto yameshayatoa mafuta yake. Mama alikuwa na mapatano na mchinjaji mmoja: jogoo mweupe akifika, anyonyolewe shingoni akiwa mkavu kabla ya kuingia sufuriani. Mimi nilileta mfuko mzima wa yale ya sufuria. Mama alichukua unyoya mmoja, akaupitisha taratibu juu ya mdomo wake wa chini huku amefumba macho, akaurudisha.

"Huyu jogoo alishaoga," alisema.

Nilivutiwa sana na jambo hilo la mdomo. Nilidhani ndiyo siri ya ufundi. Tangu siku hiyo nami nikawa nafumba macho na kupitisha kila unyoya mdomoni, na nikawaambia watu, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba fundi wa kweli hachagui manyoya kwa macho. Niliwafundisha watu wawili hivyo. Nilipiga chafya siku nzima.

Mlangoni kwetu palikuwa na kamba. Aliianzisha baba. Kila wiki ndoano iliyofungwa vibaya kuliko zote ilitundikwa pale, na kila aliyeingia alikuwa na haki ya kuitazama, kukisia ni ya nani, na kusema lolote. Ijumaa baada ya sala ilishushwa, ikakatwa manyoya kwa wembe, ikafungwa upya. Hakuna aliyesamehewa. Baba mwenyewe alitundikwa mara nyingi, na mama alikuwa akitusimulia jinsi alivyokuwa akipita chini ya kamba hiyo ameinamisha kichwa kama mtu anayepita mbele ya mahakama. Mimi nilikaa pale wiki saba mfululizo. Ya saba ilikuwa niliyoifunga kwa nywele za bandia za mpangaji wetu, za rangi ya dhahabu, kwa sababu nilitaka kuona itakuwaje. Mvuvi mmoja wa Mutakura, mtaa wa kaskazini, mtu mrefu anayeimba kwaya, aliiomba aijaribu ziwani. Kesho yake alirudi na jibu mbele ya watu wote.

"Mukeke walikuja," alisema. "Wakauliza bei ya kusuka, wakaenda."

Huyo mvuvi ndiye aliyekuwa mteja wa mama wa zamani kuliko wote. Alianza na baba, akiwa bado anavulia mtumbwi wa mtu mwingine. Alimwita mama yangu mama kwa namna ambayo wakati mwingine ilinifanya nijihisi mgeni.

Mvua zilipoanza, mama alihamisha kiti chake. Kwanza alikaa chumbani karibu na dirisha, halafu kizingitini, halafu nje kabisa, mgongo ukutani, uso kwenye jua. Alisema baridi inamuingia magotini. Nilimnunulia soksi. Alianza kuniita nimhesabie ndoano, akisema nijizoeze hesabu kwa kuwa shule niliikimbia. Akimwaga chai pembeni ya kikombe, alilaumu kikombe. Yote hayo niliyaona. Mimi ambaye niliwahi kukaa siku mbili chini ya lori la mtu nisiyemjua ili nielewe breki zake zinavyoshika, niliyaona yote hayo na sikuuliza hata swali moja.

Halafu ikaja ile Jumatano. Mama alikuwa amemaliza ndoano ishirini za mteja, nami nikawa nazipanga kwenye ubao. Nilishika moja nikacheka kabla sijajizuia. Manyoya yalikuwa yamefungwa kinyume. Badala ya kulala kuelekea kwenye ncha, yaliangalia juu, kwenye tundu, yamefunguka kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Na pamoja nayo alikuwa amefunga ncha ya ushungi wake, kipande cha uzi wa kijani kilichochomoka pindoni. Nilimwambia mama, leo umepatikana. Aliuliza nimeona nini. Nikasema ni ndoano ya ajabu kuliko hata ile ya nywele, lakini yeye ni mwenye nyumba, nitaifungua tu.

"Baba yako alitundikwa," alisema. "Mi ni nani? Tundika."

Nikaitundika. Wavuvi wawili wa Buyenzi waliingia kununua, wakacheka, wakasema leo mwalimu amepata sifuri. Mama naye alicheka. Akageuza uso upande wangu, si kwangu hasa, pembeni kidogo ya nilipokuwa nimesimama, akaniambia, "Niambie iko aje."

Nilidhani anataka kurefusha utani. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa na kipaji cha hayo. Nilisimama chini ya kamba kama mtangazaji wa mpira nikaielezea ile ndoano mwanzo mpaka mwisho. Nilisema mwavuli. Nilisema kuku aliyeona mwizi. Nilisema uzi wa kijani ni ulimi wa mtu aliyekula majani ya mihogo kwa pupa. Watu walishika mbavu. Mama alisikiliza kila neno, ametabasamu, na vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya ndoano nyingine aliyokuwa nayo mapajani, vinapapasa manyoya, vinatafuta yanaangalia wapi.

Yule mvuvi wa Mutakura alikuwa amefika nyuma ya wenzake. Hakucheka. Alichukua ndoano zake, akamuaga mama kwa heshima, akaniomba nimsindikize. Tulitembea mpaka kwenye kona ya mashine ya kusaga, halafu akasimama.

"Mudogo yangu, we unakaa mu nyumba moja na ule mama?"

Nilisema ndiyo.

"Na munakula pamoja."

Nilisema ndiyo, kila siku.

"Na haujajua kama haoni?"

Nilianza kubisha. Nilisema anafunga ndoano ishirini kwa siku, mtu asiyeona atafungaje. Aliningoja nimalize. Akaniambia kwamba tangu mvua za mwaka uliopita, kabla mimi sijarudi, ndoano za mama zilikuwa zinaharibika, kwa namna ambayo mwanafunzi asingeitambua, kwanza mbili tatu, halafu nusu, halafu zote. Hakutaka kumwambia. Alikuwa anazinunua, anazipeleka nyumbani Mutakura, na yeye na mke wake wanazifungua kwa wembe na kuzifunga upya. Mke wake alijifunza kwa kuzitazama zile za zamani. Alikaza uzi kwa meno na kulalamika kwamba ameolewa na mvuvi lakini anashinda na kuku. Na wale wa Buyenzi, nikamuuliza. Akasema wale pia wanazipitisha kwake zifungwe upya kabla ya kwenda ziwani. Leo walicheka kwa sababu mimi ndiye niliyecheka kwanza.

Akaniomba nisimwambie. "Akiachwa bila kazi, atabaki kukaa tu," alisema. "Mutu kama ule hawezi kukaa tu."

Niliporudi nilishusha ile ndoano kabla ya Ijumaa. Mama alisikia kamba ikitikisika akauliza nani anagusa. Nilisema ni upepo.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho kwa kisingizio kwamba mimi ndiye ninayeumwa kichwa. Alikubali kunisindikiza, na tulipofika pale akaniambia kwa upole, bila hasira, kwamba kama tumeshafika basi wampime yeye, nisihangaike kutafuta uongo wa pili. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki, ambacho ni kidogo, watajaribu kukilinda kwa dawa ya matone. Mama alimshukuru kama mtu aliyeelekezwa njia. Nje aliniambia alikuwa anajua tangu zamani. Alichokuwa anamwomba Mungu ni vidole tu, kwa sababu vidole vilikuwa bado vinaona.

Hapo ndipo nilipaswa kumwambia kuhusu Mutakura. Sikumwambia. Nilichukua ile kazi kutoka kwa yule bwana na mke wake. Kila mama alipokwenda kusali adhuhuri, mimi nilichukua ndoano zake, nikakata, nikafunga upya. Kwa miezi mitano nilifunga kila siku, ndoano ishirini, wakati mwingine thelathini. Makosa yote niliyowahi kuyafanya yaliniishia mkononi. Manyoya machache, yamelala upande mmoja, tundu wazi, fundo dogo kama mbegu ya nyanya. Wavuvi walikuja kumwambia mama kwamba mwaka huu manyoya yake yanaita kuliko zamani. Alifurahi. Alinyoosha vidole vyake mbele ya uso wake, akavikunja, akavikunjua, akasema, "Alhamdulillahi, bado vinafanya kazi."

Mtu mwingine angeridhika. Mimi nilikuwa nimeshajua jinsi ndoano inavyofungwa. Hakukuwa na swali lililobaki ndani yake. Nilianza kusimama mlangoni nikiangalia malori. Mtu niliyemfahamu Kigoma alinitumia ujumbe kwamba Kalemie kuna kazi ya injini, wanataka mtu anayejua kidogo na anayetaka kujua zaidi. Nilisoma ujumbe huo mara nyingi. Lakini nikiondoka, nani angefunga upya? Kumrudishia yule mke wa mvuvi mzigo niliona aibu. Basi nikajiambia kwamba mama ana haki ya kujua ukweli. Ni maneno mazuri na nilikaribia kuyaamini.

Nilimwambia asubuhi, akiwa anachambua manyoya, anayatenga marefu na mafupi kwa kuyapima kwenye kiungo cha kidole gumba. Nilimwambia yote: wembe, Mutakura, mimi wakati wa sala ya adhuhuri. Hakuacha kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Tangu lini?"

Nilimwambia tangu kabla sijarudi.

"Zote?"

Nilisema zote.

Aliyakusanya yale manyoya, marefu na mafupi pamoja, akayarudisha ndani ya kikapu. Kisha akauliza, "Na bibi yake, anafunga vizuri?"

Nilisema mke wa mvuvi anafunga vizuri.

"Basi ni sawa." Akafunika kikapu. "Na we, unaenda wapi?"

Sikuwa nimetaja safari. Nilisema Kalemie. Alitikisa kichwa, akaniambia niende, nisikae kwa sababu ya kuku. Akaniuliza kama ninalo koti, kwa sababu ziwani upepo ni mkali. Niliondoka siku ya tatu. Alinipa mkono nikaubusu, ukarudi haraka mapajani.

Kalemie nilikaa wiki sita. Injini zilikuwa za aina nisiyoijua, na sikuweza kusimama mbele yake kwa furaha hata siku moja. Nilikuwa naona vile vidole vinanyooshwa mbele ya uso. Nikarudi. Kikapu hakikuwepo, wala bakuli, wala kamba ya mlangoni. Yule mvuvi alinisimulia kwamba mama alimwita aje na mke wake. Alimkabidhi yule mke kila kitu, wembe, uzi, hata mapatano na mchinjaji wa sokoni. Mke wake alilia na kusema hawezi kupokea, na mama akamwambia kwamba alishapokea zamani. Halafu akamwomba mvuvi msamaha kwa manyoya yote aliyomuuzia. Hilo ndilo lililomshinda yule mtu mrefu. Aliponisimulia alikuwa anaangalia chini, na mimi vilevile.

Sasa niko Jabe. Nimetafuta kazi karibu, naharibu na kutengeneza pikipiki kwa fundi mmoja, na nimepitisha mwaka. Mama yuko vizuri, watu wanasema. Anakula, anasali, anasikiliza redio nzima kuanzia habari za Kirundi mpaka habari za Kifaransa ambazo hazielewi. Anakaa. Muuza mkaa bado anamwita Mama Manyoya, lakini siku hizi mama huitwa mara mbili kabla hajaitika.

Juzi nilinunua ndoano tano, nikapata manyoya makavu, nikafunga. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka anicheke. Nilikaa karibu naye nikamwomba ashike moja tu, aniambie kama manyoya yamezidi. Alisikia yanavyochakarisha kwenye karatasi. Akaingiza mikono yote miwili chini ya kitenge.

"Muulize ule mama wa Mutakura," alisema. "Ule anaona."

Alipunguza sauti ya redio ili asinikosee adabu, akangoja nijibu. Nilipokusanya zile ndoano, akaiongeza tena. Nikachukua basi la Mutakura na zile ndoano tano ndani ya boksi la kiberiti. Mke wa mvuvi alinikaribisha, akafuta mikono, akazipeleka dirishani moja moja, na kwa sauti ya mtu anayeogopa kuumiza akaniambia kwamba ndiyo, yamezidi kidogo.